Kigezo cha Wifi

Simu ilikuwa mezani, uso juu, na Mama Uzi alikuwa ameizungushia mkasi, pini na vibunda vya uzi kama mtu anayemzuia kuku asitoroke. Tangu jioni haikuwa imelia. Mama mkwe wa binti yake ndiye aliyepiga mara ya mwisho, akasema uchungu umeanza na wako njiani kwenda hospitali, halafu akaongeza kwa haraka, "Nitakupigia mambo yakiwa tayari," akakata kabla hajaulizwa swali.

Binti aliolewa mji mwingine, na basi la kwenda huko lilikuwa la asubuhi. Mume wake Mama Uzi alikuwa mwoka mikate na wiki ile alikuwa zamu ya usiku. Nyumba nzima ilikuwa na yeye, taa moja na jokofu lililokuwa likikoroma jikoni.

Mama Uzi alikuwa na tabia moja: hofu ikimshika, mikono yake hutafuta sindano. Akiwa hana la kushona, hung'ata kucha mpaka zitoe damu. Usiku huo alivuta kutoka chini ya kitanda mfarishi wa mashati ya mumewe, kazi aliyoianza miaka iliyopita na kuiacha mara chungu nzima, akaanza kuufungua pembeni. Kwa asiyejua, mfarishi wa viraka ni blanketi la matabaka matatu. Juu ni vipande vidogo vidogo vya nguo vilivyounganishwa kwa mpango, katikati ni pamba au blanketi kuukuu, chini ni shuka zima, kisha matabaka yote hupigwa sindano pamoja ili yasihame. Ni kazi ya kumaliza macho. Mama Uzi aliipenda kuliko kula.

Mfarishi wa mjukuu ulikuwa umeshakwisha. Alikuwa ameukunja, ameutia kwenye mfuko safi na kuufungia kabatini. Hakuna aliyeuona isipokuwa mumewe, na wifi yake, ambaye siku moja alifungua kabati bila kuombwa.

Ukweli ni kwamba usiku ule alikuwa akisubiri habari mbili. Ya kwanza kila mama angeielewa. Ya pili aliijua peke yake: kwamba mtaa wa pili, nyumba yenye geti la kijani, wifi yake naye alikuwa amekaa chini ya taa, anaunganisha maua ya viraka ya mfarishi wake, na kwamba maua yale hayataungana.

*

Wifi huyo alikuwa dada mkubwa wa mumewe. Mtaani walimwita Spika, na si yule wa bunge, ni ile ya muziki inayowekwa mlangoni mwa duka ili mtaa mzima usikie. Hakuwa mtu wa kununa. Alijua kuchekesha, alijua kuvaa, na akiingia mahali watu husogea wampe kiti bila kujua kwa nini wamesogea. Binti ya Mama Uzi aliishi kwake miaka ya sekondari, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa karibu na shule, na tangu hapo mtoto alimpenda shangazi yake upendo wa kumwiga mpaka mwendo.

Mama Uzi mwenyewe alifanya kazi kwa dobi, kupiga pasi mashuka ya nyumba za wageni. Wenzake ndio waliompa jina hilo, maana hakuna siku aliyokosa uzi begani. Alianza mambo ya viraka baada ya binti kuondoka nyumbani kwenda kazini, nyumba ilipokuwa kubwa ghafla. Mashuka yaliyochanika tajiri wake alimwachia. Vipande vya rangi aliokota kwa fundi cherehani wa jirani, mwanamume mwenye futi ya kupimia shingoni asubuhi hadi jioni, aliyependa kumtania.

"Mama Uzi, wewe ndiye gari langu la taka. Siku ukifa sijui nitatupa wapi."

"Siku nikifa utanishonea sanda ya viraka."

"Hiyo nitaipeleka maonyesho."

Alianza na vitambaa vya viti, akafuata mito, kisha akajitia kimbelembele akaanza mfarishi mkubwa wa kitanda, kwa siri, kwa ajili ya harusi ya binti yake. Alishona wakati wa mapumziko kazini, nyuma ya marundo ya mashuka, ili asionekane. Maua yote yalikuwa ya viraka vya pembe sita: kimoja katikati, na sita vya kukizunguka. Alipomaliza, fundi cherehani aliutandika juu ya meza yake ya kukatia, akauzunguka kimya, na mtu yule hakuwa na kawaida ya kukaa kimya.

Siku ya harusi Mama Uzi alikuwa jikoni nyuma ya ukumbi. Wifi akaja, amependeza, ananukia.

"Nipe huo mfuko niubebe mimi. Wewe mikono yako ina mafuta, utauharibu."

Lilikuwa jambo la maana. Akampa. Alichofikiri ni kwamba wifi atauweka mezani na zawadi nyingine, na yeye akishanawa atakuja kuutoa. Lakini mshereheshaji akamwita shangazi wa bibi harusi, akampa kipaza sauti, na Spika akipewa kipaza sauti ni kama moto umepewa mafuta ya taa. Akaufungua mfarishi, akauinua mbele ya watu wote, akasema, "Kwa mkono wangu mwenyewe nimemletea mwanangu kazi hii." Ukumbi ukashangilia. Binti akalia, akamkumbatia shangazi yake. Mama Uzi alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na upawa mkononi, na mwanamke mmoja asiyemjua akamwambia, "Mna bahati, shangazi wa namna hiyo siku hizi hawapo."

Hakusema neno. Ilikuwa siku ya mtoto wake. Wiki iliyofuata alimfuata wifi hadi kwake.

"Wifi, ulidanganya watu."

"Nilidanganya nini?"

"Ulisema umeushona wewe."

Wifi akaweka kikombe chini taratibu. "Nilisema nimeuleta kwa mkono wangu. Kwani niliuleta kwa mguu? Kama watu wameelewa kushona, hayo ni masikio yao. Mimi nitazunguka kuosha masikio ya watu?"

Akacheka, akamkaribisha chai. Mama Uzi alirudi nyumbani na hasira iliyomkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mumewe, ambaye alikuwa mtu mwema wa kuudhi, alimwambia, "Yaache. Ukisema sasa utaonekana una wivu. Mungu anajua aliyeshona."

"Mungu halali juu ya kitanda kile," alijibu. "Anayelala ni binti yangu."

Akayaacha, kwa mdomo. Kisha akaenda kumtembelea binti, na binti akamwonyesha chumba, mfarishi umetandikwa umenyooka, na akamwambia kwa upole kabisa, mkono begani kwake, "Mama, kwa nini humwombi shangazi akufundishe? Naona unahangaika na vile vitambaa vya viti. Yeye ana mkono. Ungepata na cha kukuliwaza."

Njia nzima ya kurudi, kichwa kwenye kioo cha basi, Mama Uzi hakulia. Alikuwa akifikiri. Kuanzia siku hiyo alitaka kitu kimoja tu duniani: binti yake ajue nani aliushona, na asikie kwa mdomo wa yule aliyemdanganya.

*

Nafasi ilikuja yenyewe, ikapiga hodi. Binti alipopata ujauzito, mama mkwe wake, aliyekuwa na kikundi cha wanawake na aliyependa vitu vizuri kuonekana vikiingia kwake, alimpigia shangazi kumwomba mfarishi wa mtoto. Mdogo tu, mzuri kama ule wa harusi. Na Spika haikuwa na kitufe cha kusema hapana.

Wifi alimkuta Mama Uzi akikunja nguo.

"Wifi yangu, kuna kajambo."

"Sema."

"Yale maua. Unayakataje?"

Mama Uzi aliendelea kukunja. "Kwani umesahau? Si ulishona ule wa harusi."

"Usinichokoze, bwana. Wewe unajua, mimi najua, yanatosha."

"Na mama mkwe wake anajua nini?"

"Anajua anataka mfarishi. Nimeshamwambia ndiyo. Sasa nifanyeje, nimwambie mkono umekufa ganzi?"

"Ungemwambia ukweli."

"Wifi, umri huu nianze mambo mapya?"

Mama Uzi alicheka. Baadaye alijikasirikia kwa kucheka, lakini wakati ule kicheko kilimsaidia, maana kilimficha uso. "Njoo Jumamosi," alisema. "Nitakukatia kigezo."

Kigezo ndicho roho ya kazi ile. Ni kipande cha boksi gumu, kimekatwa pembe sita zilizo sawasawa, ambacho unakiweka juu ya nguo na kukizungushia chaki, kisha unakata. Kila kiraka kinakifuata kigezo kama mtoto anavyofuata mama. Kigezo kikiwa sawa, hata mshonaji mbovu atapata kitu kinacholala chini. Kigezo kikiwa na kosa, hata likiwa dogo la unene wa uzi, kosa hilo linarudiwa kwenye kila kiraka. Ua moja halitakuonyesha. Hata mawili, kwa kuwa nguo huvutika na sindano huficha. Lakini ukiyaunganisha yote, makosa yale madogo hukutana na kusukumana, na mfarishi unasimama katikati kama kofia.

Mama Uzi alikata boksi la viatu mezani, na rula ya shule ya binti yake. Upande mmoja aliuacha mrefu kidogo kuliko mitano mingine. Mwanzoni alitaka kuufanya mfupi, kwa sababu nguo iliyokatwa ndogo haina dawa, ni ya kutupa. Mkono ukakataa. Nguo haikumkosea chochote. Kubwa inaweza kukatwa tena ikawa ndogo, basi akaifanya kubwa.

Fundi cherehani alikiona kigezo Mama Uzi alipokwenda kwake kuchukua vipande. Alikishika kwa vidole viwili, akafumba jicho moja.

"Hiki kimepinda. Upande huu."

"Najua."

"Unajua?"

"Ni cha wifi."

Fundi alikirudisha polepole, akaifuta mikono kwenye suruali. "Mama Uzi, kama kuna nguo yako yoyote nilichelewesha, nisamehe leo."

*

Hapo ndipo alipoonyesha ubaya wake wote, kwa maana alimfundisha wifi vizuri. Kila kitu kingine kilikuwa cha kweli. Alimfundisha kutia nta kwenye uzi ili usijisokote, kushika sindano bila kuikaba, kupiga mishono midogo isiyoonekana, kukunja ukingo wa kiraka ukaingia ndani bila vumbi la nyuzi. Mshono mbaya aliufumua na kumwambia arudie. Alitaka wifi afike mbali, mahali ambapo kurudi kunauma. Na alimpa sheria moja aliyoitunga mwenyewe.

"Usiunganishe ua na ua mpaka yote yaishe."

"Kwa nini?"

"Rangi. Lazima uyaone yote kwanza ndipo upange."

"Wewe na mambo yako. Haya."

Wifi alikuja baada ya kazi, akavua viatu, akakaa kwenye mkeka na vipande vya gauni lake zuri la bluu alilolikata kwa ajili ya mjukuu. Alijichoma kila mara na kila mara alimtukana aliyevumbua sindano. Alihadithia habari za ofisini kwake, akiwaigiza mabosi, mpaka mumewe Mama Uzi akachelewa kuondoka kwenda kazini kwa kusikiliza. Jioni moja aliinua ua lake kwenye taa, akalitazama, akasema kwa sauti ndogo asiyoizoea, "Kumbe kazi ni ngumu namna hii."

Mama Uzi alisubiri. Alidhani sentensi ile ina mkia. Alidhani itafuata nyingine: na mimi nilikufanyia vile. Alikuwa ameshika kigezo chake cha kweli mapajani, na kama sentensi ya pili ingekuja, nafsi yake ilimwambia angekitoa, angesema wifi, samahani, tuanze upya.

"Nikimaliza," wifi akaendelea, "yule mama mkwe atanyooka. Atajua shangazi ni nani."

Mama Uzi akarudisha kigezo kwenye kopo la biskuti na kufunga kifuniko.

Kuanzia hapo mpango ukakamilika kichwani. Siku ya kwenda kumwona mtoto, wanawake wa kikundi watakuwa wamekaa. Wifi atatoa wake, ambao utasimama kitandani kama hema. Kisha yeye, bibi mzaa mama, bila neno, atatoa mfuko wake kabatini na kuutandika wa kwake pembeni, umelala kama maji kwenye sinia. Macho yatatoka kwa mmoja yaende kwa mwingine. Binti yake hakuwa mjinga. Angejua mara moja mkono uliolaza huu ndio uliolaza ule wa harusi. Alilala na picha hiyo usiku mwingi, akiigeuza huku na huku, kila mara akiongeza jambo dogo: nani atakohoa, nani atamgusa mwenzake kiwiko, wifi ataangalia wapi.

*

Na sasa simu ilikuwa kimya. Alifumua shati la mumewe, akalishona, akafumua tena. Akili yake ilikuwa inamletea mambo: damu, daktari asiyepatikana, nesi anayekimbia. Mara moja wazo lilimjia kwamba huenda ubaya wake mwenyewe ndio unaomchelewesha mtoto, na akalifukuza kwa ukali kama mtu anayemfukuza mbuzi kwenye nguo zilizoanikwa. Ubaya ulianza kwa mwingine. Ukitaka kwenda kwa mtu, uende kule ulikotoka.

Mlango ukagongwa.

Alikuwa ameshafika na mkono uko kwenye komeo kabla hajajua amesimama. "Kuna habari?"

"Bado. Ni mimi, wifi. Nina balaa langu. Fungua."

Mkono ukaachia komeo. Mama Uzi alisogea dirishani, akawasha taa ya barazani, akavuta pazia upana wa jicho. Wifi alikuwa amejifunga kitenge, nywele hazijafungwa, na mikononi amebeba kitu cha bluu kilichofura kama unga wa mikate ulioumuka. Alikuwa akikibonyeza kwa kidevu. Kilikataa.

Ile raha aliyoipata, aliisikia mpaka kwenye meno.

"Umevimba," wifi alisema kupitia mlango. "Nimefanya kama ulivyonielekeza. Nikibonyeza huku unainuka kule. Nimeupiga pasi, nimeukalia. Nimeukalia, wifi, unasikia?"

"Nasikia."

"Sasa fungua."

"Nimeshavua nguo za kutokea."

"Kwani mimi ni mgeni? Basi ni la asubuhi. Yule mama ameshawaalika wenzake. Nitaingia na hiki kitu? Watasema nimemletea mtoto kofia ya jitu."

Mama Uzi aliuma mdomo. Hata kwenye balaa, mwanamke yule alichekesha. "Pole."

"Pole sitaki. Sikiliza, nimeshafikiri." Sauti ikashuka, ikawa tamu. "Nipe ule wako wa kabatini. Tuupeleke huo kama wangu. Huu utanisaidia kuufumua polepole, hatuna haraka. Wewe ni bibi, una mengi ya kumpa mtoto. Mimi nina hilo moja tu nililoahidi."

Mama Uzi aligeuka kulitazama kabati.

"Rudia," Mama Uzi alisema.

"Nimesema nipe ule..."

"Nimesikia. Nilitaka uusikie mwenyewe."

"Wifi, usinifanyie hivyo. Nani atajua?"

"Safari hii utasemaje? Kwa mkono wako?"

Mama Uzi alibandika mgongo kwenye mlango. Alikuwa ameitaka aibu ya wifi mbele ya watu, mchana, na sasa imemfuata usiku, imejileta yenyewe hadi barazani kwake, na bado wifi alikuwa ananyoosha mkono kuomba kuiba mara ya pili. Akaona afadhali alale na njaa kuliko kumfungulia.

Ndipo simu ikalia. Aliruka kwenda mezani. Ya kwake ilikuwa gizani, imelala. Iliyolia ilikuwa ya nje.

"Halo? Eeh, mama. Eeh." Sauti ya wifi ilipanda. "Lini? Sasa hivi? Jamani. Na mwenyewe je? Eeh. Eeh."

Kwa hiyo hata hili. Walikuwa wamempigia shangazi kwanza. Mama Uzi alisimama katikati ya chumba na mashati ya mumewe miguuni, na kama angekuwa na nguvu za kutosha angeung'oa mlango ule na bawaba zake. Akaukaribia, sikio kwenye ubao.

Wifi alikuwa ameziba simu kwa kiganja. "Wifi. Ni mama mkwe wake, yuko hospitali. Fungua nikwambie."

Hofu ilimpanda na kumshuka. Lakini Mama Uzi alikuwa mtu wa kusikiliza kuliko kusema, na sauti ya wifi aliijua kuliko alivyoijua yake. Spika haikuwahi kuficha wimbo. Kama kungekuwa na msiba, mtaa mzima ungekuwa umeshaamka. Zile "eeh" zilikuwa zinatabasamu.

"Amejifungua salama," alisema. "Wote wawili wazima. Nimekusikia kwenye sauti. Huna cha kuniuzia."

Kisha wifi, kwa mshangao wa kweli: "Wewe mwanamke."

"Usikate hiyo simu. Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Mfarishi wa harusi."

"Wifi, usiku huu? Mtu ana mjukuu mkononi."

"Basi ana furaha, atakuelewa."

Kutoka kwenye simu ilisikika sauti ndogo ikiita halo, halo, mpo? Mama Uzi alikunja ngumi, akagonga mlango wake mwenyewe kutoka ndani, mara tatu, kama mtu anayetaka kutolewa.

Alimsikia wifi akivuta pumzi. "Mama, samahani, nipo. Kuna jambo dogo. Ule mfarishi wa harusi. Aliyeuleta ni..."

"Kushona," Mama Uzi alisema kupitia mlango. "Neno ni kushona."

"Aliyeushona," wifi akasema, na sauti ilikuwa imekauka kama mkate wa juzi, "hakuwa mimi. Sikushona hata uzi mmoja. Aliushona wifi yangu. Mama yake mzazi."

Simu ya wifi ilikuwa na sauti kubwa kama mwenyewe, kwa hiyo Mama Uzi alisikia kila kitu. "Nani? Yule kimya?"

"Yule kimya."

"Na mimi nimekusifu kote huko." Kisha akauliza, "Na huu wa mtoto?"

"Huu ni wangu mimi. Ukiuona utaamini kwamba ule haukuwa wangu."

Mama mkwe hakucheka. Alisema atamweleza binti akiamka, tena ataelezwa yote, na akamtaka ampe simu huyo mama mzazi wa binti. Wifi akajibu kwamba yupo karibu, anakuja, na akakata.

"Nimesema," alisema mbele ya ubao. Hakuwa na utamu tena sautini. "Umefurahi?"

Mama Uzi alijipima ili ajibu ukweli. Ukumbi mzima ulikuwa umeshangilia, na sasa sikio moja tu limesikia. Haikulingana. Deni kubwa lilikuwa limebaki. "Kesho utasema tena," alijibu. "Mbele ya binti yangu, kitandani, mimi nimesimama hapo."

"Nitasema."

"Mbele ya kikundi."

"Mbele ya kikundi. Ila niambie kitu kimoja. Nilikosea wapi? Nilifuata kigezo chako kila hatua. Nimevipima vipande usiku huu mpaka macho yamenitoka, vyote sawasawa kama mapacha."

Kigezo cha kweli kilikuwa kwenye kopo la biskuti, hatua chache nyuma yake. Angeweza kusema. Kwa muda jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, na lilikuwa na ladha nzuri. Lakini akaona kwamba likitoka litakuwa limetumika, na yeye alitaka kubaki nalo miaka mingi, alitoe peke yake jioni anaposhona.

"Mazoezi," alisema. "Mkono wako bado mchanga."

"Haya," wifi akasema taratibu, na aliamini. "Nitajifunza."

Mama Uzi alisikia kitu laini kikitupwa sakafuni mwa baraza, kisha mtu mzima akijikalisha juu yake kwa kuchoka. Alimwacha akae. Akaokota mashati ya mumewe, akayakunja, akaweka pini kwenye kopo moja baada ya nyingine. Akajifuta uso kwa kitambaa. Akajitazama kwenye kioo cha kabati ili awe na hakika hana chochote usoni cha kusomwa. Kisha akarudi mlangoni, akavuta komeo, na kabla mlango haujafunguka vya kutosha kuonyesha macho ya wifi yake, akauliza, "Wa kike au wa kiume?"